Adungu na Masikio ya Wageni

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo! Uongo ubaki huko huko, wajukuu zangu, maana ya leo ni ya kweli.

Nyinyi wa Mvara, hapa Arua, mnaijua adungu: tumbo la mti uliochimbwa kama mtumbwi, ngozi ya ng'ombe juu yake, shingo iliyopinda, na nyuzi zinazokazwa kwa vigingi. Asili yake ni kwa majirani zetu Waalur, upande wa Nebbi. Zamani mpigaji aliipakata adungu ndogo akaimba mwenyewe, watu wa nyumbani wamemzunguka. Nyuzi alizikaza zifuate sauti yake. Akiridhika yeye, imetosha.

Kisha adungu ikaingia makanisani na mashuleni. Huko ikakutana na umati usiomjua mpigaji, wenye nyimbo zilizopangwa kwa do-re-mi. Sasa, hakuna haja ya mtu kusimama akulaumu: waimbaji wakipotea katikati ya wimbo, umeshaambiwa. Nyuzi zikakazwa upya zifuate do-re-mi. Kundi likahitaji sauti nzito ya kuushikilia wimbo, zikatengenezwa adungu kubwa za besi. Leo ndogo, za kati na kubwa hupigwa pamoja, nyingi zikiwa na nyuzi za nailoni. Lakini shingo bado imepinda, na vidole bado vinadonoa. Ukiisikia hutaidhania gitaa.

Hata kwenye uchoraji ilikuwa vivyo hivyo. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, kule Dar es Salaam, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mgumu. Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni kutoka ng'ambo. Alifariki mwaka 1972, wafuasi wake wakaendelea. Ubao haukunjiki, na mgeni anasafiri na sanduku. Basi wengi wakahamia kwenye kitambaa kinachoviringishwa. Rangi zile za kung'aa hawakuziacha.

Haya, tuseme wewe unapiga adungu sokoni Arua, penye Walugbara, Wakakwa kutoka Koboko, Wanubi, na wafanyabiashara wa Kongo na Sudan Kusini. Mmoja anasema, "Huku nyuma hatusikii." Huyo amekupa habari ya kweli ambayo wewe, uliyekaa karibu na nyuzi, usingeipata. Songa, au ongeza mpigaji. Wa pili anasema, "Wimbo umenichosha." Usinune. Muulize alichoka wapi. Pengine ni ubeti mmoja tu unaorudiwa mno. Wa tatu anasema, "Achana na hiyo, piga gitaa." Huyo anakueleza anachopenda yeye. Mwitikie kwa heshima, uendelee kupiga.

Mnaona? Mgeni anajua pale alipoguswa na pale alipochoka. Dawa yake mara nyingi haijui, kwa kuwa hajawahi kukaza uzi hata mmoja. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, ukiimba, ukichora au ukisuka, usiishie kumwonyesha mama. Mama atakusifu kwa sababu anakupenda. Mwonyeshe na asiyekujua jina. Msikilize mpaka amalize, mshukuru, kisha uamue mwenyewe cha kubadili na cha kulinda.