Kichwa Kikigongwa, Kumbukumbu Huenda Wapi?

Mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mwembe. Hakutoka hata tone la damu. Aliinuka, akapangusa vumbi, akaenda zake. Wiki iliyofuata tulimtuma dukani chumvi na kibiriti, akarudi mikono mitupu. Tukamwita mvivu, nami nikamcheka. Mama ndiye aliyempeleka hospitalini, daktari akasema ubongo ulitikisika. Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za panya.

Mwaka wa 1981 mwanasayansi Richard Morris, huko Scotland, alieleza jaribio la kidimbwi cha duara. Maji hutiwa maziwa ili panya asione chini. Kijukwaa hufichwa humo, chini kidogo tu ya uso wa maji. Panya huogelea huku na huku akitafuta pa kusimama mpaka akikanyage. Akirudiarudia, hushika mahali pake kwa kutazama vitu vilivyomo chumbani, na mwishowe hufika kwa sekunde chache.

Je, akiumizwa ubongo? Katika maabara hutiwa usingizi kwanza, kisha ubongo hupigwa dharuba moja ya maji. (Kusema kweli, roho iliniuma niliposoma hayo.) Baada ya siku kadhaa anakula, anatembea, na kuogelea anaogelea sawasawa. Ukimwona utaapa amepona! Lakini mtie kidimbwini: anazunguka tu, anachukua muda mrefu kuliko wenzake, na somo la jana halimkai.

Sababu ni nini? Ndani ya ubongo mna sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo husaidia kuweka kumbukumbu mpya. Pigo likitua, hata mbali nayo, seli zake huweza kufurika kalisiamu kupita kiasi, na baadhi hufa siku za baadaye. Mwaka wa 1982 Morris na wenzake walionyesha kwamba panya aliyeharibiwa hipokampasi hukikosa kijukwaa kilichofichwa, ila kikionekana hukiendea vizuri. Kwa hivyo si macho, si miguu, wala si uvivu.

Mwaka wa 1996 watafiti wa Marekani waliwaweka panya walioumizwa katika vizimba vyenye vitu vingi vya kuchezea pamoja na wenzao. Hao walifanya vyema kidimbwini kuliko waliokaa katika vizimba vya kawaida.

Sisemi mdogo wangu ni panya, la hasha! Lakini siku hizi nikimtuma humwandikia kikaratasi, na jioni tunacheza bao. Juzi alinifunga mara mbili.