Je, Wajua? Mkono Ulitangulia

Je, wajua kwamba babu wa kompyuta ni kitanda cha mfumi? Mwanzoni mwa miaka ya 1800, Mfaransa Joseph-Marie Jacquard alibuni mtambo wa kufuma ulioongozwa na kadi zilizotobolewa: penye tundu uzi hupanda, pasipo tundu uzi hubaki chini. Mwingereza Charles Babbage aliichukua mbinu hiyo ya kadi alipobuni mashine yake ya kukokotoa. Nyumbani kwake aliweka picha ya Jacquard iliyofumwa kwa hariri. Kadi zilizotumika kuifuma ni kama 24,000.

Je, wajua kwamba filamu ya Loving Vincent (2017) yote ilipakwa rangi ya mafuta kwa mkono? Waigizaji walirekodiwa kwanza, kisha wachoraji zaidi ya 100 wakakaa na brashi. Mchoraji alipaka, kamera ikapiga. Akakwangua palipotakiwa kusogea, ukope tu pengine, akapaka tena. Picha 12 kwa sekunde moja!

Je, wajua kwamba mwaka 2023 mahakama ya Washington iliamua kuwa picha iliyotungwa na mashine peke yake haina hakimiliki? Lazima awepo mtu.

Je, wajua kwamba Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora kwa miaka minne hivi tu? Alianza Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972. Kanvasi hakuwa nayo. Alipaka rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari. Nenda leo Oysterbay, jijini humo, usimame nyuma ya mmoja wa warithi wake. Rangi ya nyuma kwanza, iachwe ikauke. Kisha chui, akauke naye. Madoa huja mwisho, moja moja, mchoraji akibana pumzi, na ukisogea karibu hutaona mawili yaliyolingana. Doa likishatua limetua.

Je, wajua kwamba wanyama wa mtindo huo wa Tingatinga walikuja kutembea? Katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyoanza kurushwa na BBC mwaka 2010, ilihuishwa kwa kompyuta na vijana wa studio ya Nairobi, vipindi 52. Naipenda mno kazi ile. Ukiitazama na wanao, wasimulie pia habari za yule mtu wa Tunduru na makopo yake ya rangi ya baiskeli.