Mpunga, Mchele na Wali: Mmea Mmoja, Majina Matatu

Si ajabu kumsikia mkaazi wa Thika au Ruiru akitaja "shamba la mchele" na, jioni iyo hiyo, akisema "nimekula mchele". Chanzo chake ni bayana. Kikuyu, lugha ya wenyeji wengi wa huko, hutumia neno moja, lililotokana na mchele, kwa mmea, punje na chakula. Kiingereza nacho mara nyingi hutumia neno moja. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kinachopotea majina yanapochanganywa.

Katika taaluma ya mimea, jina huwa na sehemu mbili: jenasi na spishi. Mnamo 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliuita mmea huu Oryza sativa. Oryza limetoka katika Kiyunani. Sativa ni la Kilatini, yaani "unaopandwa". Mmea wenyewe umo katika familia ya nyasi, Poaceae, pamoja na mahindi, ngano na miwa. Spishi ya pili inayolimwa, Oryza glaberrima, asili yake ni Afrika Magharibi.

Hata hivyo, jina la kisayansi hujibu swali moja: mmea huu ni wa ukoo gani? Pishori ya Mwea inayouzwa katika maduka ya Thika ni Oryza sativa. Mchele usionukia ulio kando yake, wa bei nafuu, nao ni Oryza sativa. Kinachovitenga ni aina. Pishori ni Basmati 370, na harufu yake ndiyo anayoilipia mnunuzi.

Kiswahili hujibu swali jingine: mmea umefikia hatua gani? Ukiwa shambani, na hata punje zikishavunwa zingali na maganda, huitwa mpunga. Ukikobolewa ni mchele. Ukipikwa ni wali. Tofauti hizi si mapambo ya lugha. Mpunga unapokobolewa, takriban thuluthi moja ya uzito wake huondoka na makapi na pumba. Kwa hivyo gunia la mpunga halitoi gunia la mchele, na mwandishi anayeripoti bei ya "mchele" shambani humpotosha mkulima na mnunuzi kwa pamoja.

Ni wajibu wetu, basi, wanafunzi wa Kiswahili, kuyatumia majina haya ipasavyo, kila moja mahali pake.