Turubai Huozea Stoo

Malori yanayovuka mpaka wa Uganda pale Mpondwe kwenda Kasindi, Kongo, hufunikwa kwa turubai, na dereva hulikagua vizuri kabla ya kuondoka: kamba zimekaza, ringi hazijang'oka, hakuna palipochanika. Mzigo ukishashushwa, turubai lilelile hukunjwa haraka likiwa bichi na kusukumwa pembeni ya stoo. Miezi miwili baadaye hutolewa likiwa na madoa meusi na harufu ya uvundo, na lawama zote huangushiwa mwenye duka aliyeliuza.

Mabaharia wanalijua tatizo hili. Huko Ulaya, majira ya baridi yanapokaribia, mwenye mashua ambayo tanga lake kuu huviringishwa ndani ya mlingoti hulishusha, akalisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, akalikausha kabisa, ndipo akalihifadhi. Anajua kwamba kitambaa kilichoviringishwa na unyevu hakipitishi hewa, na kuvu haihitaji zaidi ya hapo. Huku Kasese hakuna baridi ya namna hiyo, lakini kuna mvua za Machi hadi Mei, na nyingine zinazoanza Agosti na kuendelea hadi Novemba. Unyevu ni uleule.

Chumvi huongeza balaa. Lori lililopakia chumvi ya Ziwa Katwe huacha chembechembe kwenye mikunjo na mishono ya turubai. Chumvi hufyonza unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata turubai lililoanikwa jua kali mchana huanza kunata usiku. Ringi za chuma huota kutu, na kutu hula kitambaa kinachozizunguka. Hapa dawa ni maji safi mengi. Likikauka na mabaka meupe yakarudi, suuza tena. Petroli na mafuta ya taa viache kabisa, hata kama fundi wa gereji anaapa kwamba vinatoa grisi: hukausha plastiki ya juu mpaka ipasuke. Sabuni ya kawaida na brashi laini vinatosha.

Aina ya turubai nayo ina maana. La pamba, lile zito la kizamani, huoza lenyewe kwa sababu kuvu hula pamba. Lisuguliwe kwa brashi na maji matupu, maana sabuni kali huondoa nta inayozuia mvua. La poliesta lililopakwa plastiki haliliwi na kuvu kwa urahisi, ila uchafu uliogandama juu yake huliwa, na madoa hubaki. Lile jepesi la bei nafuu, la buluu, adui yake mkubwa ni jua. Ikweta inakatiza barabara kusini mwa mji wa Kasese, na jua la huku huvunja nyuzi za plastiki mpaka ziwe unga mkononi. Hilo lisiachwe juani bila kazi hata wiki moja. Mimi nisingelinunua kwa lori.

Likishakauka pande zote mbili, pamoja na pindo na kamba, liviringishe kwenye bomba la plastiki badala ya kulikunja. Ukilazimika kukunja, badilisha mistari kila mara, kwa kuwa turubai huanza kupasuka pale linapokunjwa siku zote. Liweke juu ya mbao, mbali na sakafu ya saruji na ukuta. Fagia kwanza punje za mahindi na kahawa, kwani panya hufuata chakula na kutoboa kitambaa njiani.

Kwa wakulima wa milimani juu ya Bwera kuvu ya turubai ni jambo zito kuliko bei yake. Kahawa nyingi ya arabika ya Rwenzori hukaushwa ikiwa na maganda yake, na huuzwa kwa jina la drugar. Ikianikwa juu ya turubai lenye kuvu inaweza kuambukizwa, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ya okratoksini, ambayo moto wa kukaangia hauiondoi yote. Wanunuzi wa Ulaya huipima. Kwa hiyo tenga turubai la kuanikia mazao, liwe na alama yake, na lile lililowahi kufunika dawa za mimea au mapipa ya mafuta lisitandikwe chini ya kahawa wala mahindi, hata likioshwa mara ngapi.