Je, Wajua? Gari Dogo la Kasi, Kazini na Mashindanoni

Datsun 240Z lilikuwa gari la viti viwili, injini ya lita 2.4, na wanunuzi wengi walilitumia kwendea kazini. Gari hilohilo lilishinda Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ushindi wa Mehta ndio wa kukumbukwa zaidi. Haukuwa umetimia hata mwaka mmoja tangu Rais Idi Amin awafukuze Waasia nchini Uganda, na Mehta alikuwa wa asili hiyo. Mehta na mpinzani wake Harry Källström walimaliza na alama sawa za adhabu, Mehta akatangazwa mshindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu.

Je, leo mkazi wa mpakani mwa Kenya na Uganda anaweza kununua gari la namna hiyo? Inategemea yuko upande gani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka 8. Uganda, tangu 2018, hupokea magari yenye umri wa chini ya miaka 15, ingawa magari makuukuu hulipiwa tozo ya mazingira. Hivyo gari la miaka 10 laweza kuingizwa na kupata namba Tororo, Uganda, lakini si Busia ya Kenya. Kuvuka nalo kwa muda kunawezekana, ukiwa na kibali cha forodha na bima ya kadi ya njano ya COMESA.

Kabla ya yote, pima nafasi iliyo chini ya gari: matuta ya barabarani hayana huruma kwa bampa iliyo chini.