Je, Wajua Bakteria Naye Ana Nundu?

Mfugaji humjua ng'ombe aliyeshiba kwa kumtazama nundu. Mvua ikinyesha na malisho yakawa tele, nundu hujaa ikasimama. Kiangazi kikikaza hulegea, maana mnyama anakula mafuta yake mwenyewe. Udongoni tunamokanyaga kila siku wamo viumbe wasioonekana kwa macho wanaoweka akiba vivyo hivyo, ila akiba yao ni plastiki.

Na ni plastiki kweli. Ukiitoa ndani ya bakteria, ukaisafisha na kuiyeyusha kwa joto la nyuzi 175 hivi, unaweza kuitia kwenye kalibu ukapata chupa, kikombe au kitana. Wanakemia huiita polihidroksibutireti, kwa kifupi PHB.

Bingwa wa kazi hii ni Cupriavidus necator. Huyu huishi kwa sukari ya matunda, kwa mafuta ya mimea, hata kwa mchanganyiko wa haidrojeni, oksijeni na hewa ya ukaa. Sasa mpe chakula tele lakini umnyime naitrojeni. Bila naitrojeni hawezi kutengeneza protini, na bila protini hawezi kugawanyika akawa wawili. Chakula kilichozidi akiweke wapi? Kikibaki kimeyeyuka ndani ya seli, kitavuta maji na seli itavimba. Kwa hiyo hukikatakata vipande vidogo, kisha vimeng'enya vyake huviunga kimoja baada ya kingine, maelfu kwa maelfu, hadi viwe mnyororo mrefu usioyeyuka majini. Minyororo hiyo hujikusanya kuwa vitonge, na vitonge hujaza seli hadi kuta zake. Katika gramu 100 za bakteria hawa waliokaushwa, gramu 80 na zaidi zinaweza kuwa plastiki. Hakuna ng'ombe aliyewahi kubeba nundu ya kiasi hicho! Naitrojeni ikirudi, bakteria huikata minyororo ile ile na kuila.

Aliyeligundua jambo hili ni Mfaransa Maurice Lemoigne wa Institut Pasteur. Alikuwa akichunguza bakteria mwingine, Bacillus megaterium, akitaka kujua asidi inayojitokeza bakteria hao wakivunjika ndani ya maji inatoka wapi. Aliifuatilia hadi kwenye vile vitonge, na kufikia mwaka 1926 alikuwa amekwisha kuitambua PHB. Kazi yake ilikaa miaka 30 hivi bila kushughulikiwa sana, na katika kipindi hicho plastiki za petroli zikaingia kila nyumba.

Hapa ndipo napaona kiini cha habari nzima. Mfuko wa rambo, ule uliopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, umetengenezwa kwa minyororo ya kaboni iliyoshikana na kaboni mwanzo hadi mwisho, na viumbe wa udongoni hawana kisu cha kuikata kwa urahisi. Minyororo ya PHB ina viungo vyenye oksijeni, na visu vya kukata viungo hivyo vipo tangu zamani, kwa kuwa bakteria mmoja akifa, akiba yake huwa karamu ya majirani. Kuvu na bakteria wengi hutoa vimeng'enya nje ya miili yao, wakaimeng'enya plastiki hiyo ardhini na hata baharini. Mwisho hubaki maji na hewa ya ukaa, na mahali pasipo oksijeni hutoka methani pia. Mwendo wa kuoza hutegemea joto na unene: utando mwembamba katika udongo wenye joto huenda upesi, chupa nene katika bahari ya baridi hukawia sana. Muuzaji anayesema "inaoza" bila kueleza wapi na kwa muda gani hamtendei haki mnunuzi.

PHB tupu ina kasoro: ni kavu, huvunjika kama biskuti. Kampuni ya Uingereza, ICI, iliitatua kwa kubadili mlo. Bakteria wakiongezewa asidi ya propioni pamoja na sukari, plastiki yao hutoka laini zaidi. ICI iliiita Biopol, na mwaka 1990 chupa zake za shampuu, chini ya jina la Wella, ziliuzwa Ujerumani. Bei ndiyo iliyoiangusha. Kuwalisha bakteria ni gharama, na kuwapasua ili kutoa vitonge ni gharama nyingine, ilhali plastiki ya petroli ni rahisi mno. Biashara ikapita mikono ya Zeneca, Monsanto, kisha Metabolix. Leo kampuni ya Kaneka ya Japani huwalisha bakteria mafuta ya mimea na kupata plastiki ya ukoo huo inayotengenezewa mirija ya kunywea. Mimi ningependa kuona molasi na mafuta yaliyokwisha kukaangia yakitangulia, kabla ya sukari na mafuta ambayo watu wanaweza kula.

Kipande kimoja kimoja cha mnyororo wa PHB, yaani asidi ya hidroksibutiriki, kimo pia ndani ya damu yako. Ukikaa saa nyingi bila kula, ini huanza kuvunja mafuta na kuitoa asidi hiyo, na ubongo huitumia kama chakula. Plastiki ya ukoo huo huo, P4HB, iliruhusiwa Marekani mwaka 2007 kutumika kama uzi wa kushonea majeraha ya upasuaji. Kidonda kinapona, na uzi unayeyuka polepole mwilini bila kuhitaji kutolewa.