Kulwa Kaiba, Kakamatwa Doto?

Wanachuo wenzangu, nikiuliza polisi watamtambuaje mhalifu mwenye pacha wa kufanana naye, wengi hunijibu haraka, "Si watapima DNA!" Kumbe hapo ndipo penye mtego.

Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja lililorutubishwa, kisha likagawanyika. Vinasaba vyao hukaribia kuwa sawa kabisa, na kipimo cha kawaida cha DNA hakiwatofautishi. Januari 2009, wezi waliingia duka kubwa la KaDeWe jijini Berlin, Ujerumani, wakabeba vito vya mamilioni ya yuro. Polisi wakakuta glavu yenye jasho, wakapima, majibu yakaelekeza kwa ndugu wawili mapacha. Wote wakakamatwa, na wote wakaachiwa! Sheria ilitaka ithibitishwe ni yupi, na glavu haikusema.

Mwenye glavu ile angeshika kioo kwa mkono mtupu, habari ingekuwa nyingine. Mistari ya vidole huanza kujichora mtoto akiwa tumboni, takribani wiki ya 10 ya mimba. Vinasaba huchangia umbo la jumla, kama ni kitanzi au duara, ndiyo maana alama za mapacha hufanana ukizitazama juu juu. Lakini pale mstari unapokatika au kugawanyika, mambo madogo madogo nayo yana mkono: mkao wa mtoto, msukumo wa maji yanayomzunguka, kasi ya ngozi kukua. Kulwa na Doto walikaa tumbo moja, ila kila mmoja alikuwa na kona yake.

Hata hivyo, tusiviamini vidole kupita kiasi. Alama inayookotwa kwenye tukio mara nyingi ni kipande tu, tena imefifia, na anayeilinganisha ni binadamu. Mwaka 2004, baada ya milipuko ya treni za Madrid, wataalamu wa FBI walisema alama moja ni ya wakili fulani wa Marekani. Akawekwa ndani kama wiki mbili, hadi polisi wa Hispania walipompata mwenye alama yake.

Kwa maoni yangu, Berlin walitenda haki. Mwizi akiponyoka inauma, sikatai. Ila kumfunga Doto kwa kosa la Kulwa, eti kwa sababu mmojawapo lazima alikuwepo, hiyo siyo sheria tena, ni bahati nasibu.